Mlango wa Nyuma wa Pikapu, Kutoka Lodwar Hadi Loki

Historia ya magari ya Turkana, pale inapoandikwa, hupenda kuanza na abiria wakubwa: Jomo Kenyatta na wenzake wakipelekwa Lokitaung baada ya hukumu ya Kapenguria mwaka 1953, maafisa wa kikoloni wakishuka milima kutoka Kitale kwenda Lodwar, wageni wa mataifa wakitua Lokichoggio, au Loki kwa ufupi, miaka ya 1990. Mimi naona tuanzie nyuma ya gari, tena chini kabisa, pale ambapo bawaba mbili za chuma hushika mlango wa mizigo unaoinuliwa na kuteremshwa. Dai langu ni kwamba katika njia ya Lodwar, Kakuma na Lokichoggio, mlango huo ulifika mara ya kwanza ukiwa wa kuchomoka kwa mkono, kisha ukaja wa kukazwa kwa bolti kutoka viwanda vilivyokuwa vikimfikiria mteja mwingine, halafu mafundi wa jua kali, yaani wa gereji zisizo rasmi, wakaurudisha kuwa wa kuchomoka. Kazi hiyo ya kuurudisha ni usanifu kamili, wenye kanuni na hesabu zake. Inastahili kuandikwa kama tulivyoandika habari za jahazi na milango ya nakshi ya Lamu, ingawa haina nakshi hata moja.

Pikapu yenyewe haikuzaliwa Afrika. Tarehe 25 Aprili 1925 kampuni ya Ford ilianza kuuza Model T yenye bodi ya mizigo iliyotengenezwa kiwandani, bei yake dola 281. Kabla ya hapo wakulima wa Marekani walikata sehemu ya nyuma ya gari la abiria na kupachika sanduku la mbao, kila mtu kwa akili yake. Ford waliongeza springi nzito, matundu manne ya kuchomeka nguzo pembeni, na mlango wa nyuma ambao ungeweza kurekebishwa kulingana na mzigo. Tangu mwanzo, basi, mlango wa nyuma ndio uliokuwa sehemu ya gari inayokubali kwamba mzigo hautabiriki. Kuta tatu za sanduku zinajua ukubwa wake. Ukuta wa nne hauna budi kungoja uone kinacholetwa.

Gari lililofundisha kaskazini mwa Kenya habari ya mlango huo, hata hivyo, ni Land Rover. Ilioneshwa kwa umma mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na kwa kuwa chuma kilikuwa kikigawiwa kwa mgao Uingereza baada ya vita, bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu. Uamuzi huo wa shida ulikuwa na matokeo mazuri yasiyotajwa sana: mlango wa nyuma ulikuwa mwepesi, mtu mmoja angeweza kuubeba kwapani. Ulishikwa na minyororo miwili iliyovikwa gamba ili isigonge bati, ukafungwa kwa vipini viwili vya chuma vilivyoning'inia kwenye vijinyororo vyao visipotee. Bawaba zake ndizo za kutazamwa kwa makini. Vijiti vya bawaba zote mbili vilielekea upande mmoja, na kimoja kilizuiwa na pini ndogo ya miguu miwili ambayo ncha zake hupindwa. Ukinyoosha ncha hizo, ukaivuta pini, ukafungua minyororo na kuusukuma mlango pembeni kiasi cha urefu wa kidole, mlango umetoka. Hakuna spana iliyohitajika. Usanifu wote umo katika jambo moja: vijiti vyote vielekee upande mmoja. Vikielekeana, mlango hauchomoki kamwe bila kuvunja kitu.

Turkana ya miaka hiyo ilikuwa wilaya iliyofungwa, ya kuingia kwa kibali, na magari yaliyofika huko yalikuwa machache mno: ya serikali, ya polisi, ya wafanyabiashara waliokubali kulipia safari kwa springi zilizovunjika. Njaa ya mwaka 1961 ndiyo iliyofungua mlango kwa misheni. Mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ireland waliingia wakati huo, na kazi yao ikakua hadi Lodwar ikawa jimbo kamili la Kanisa Katoliki mwaka 1978. Kisha mwaka 1983 shirika la afya la AMREF lilianza Lokichoggio mpango wa kupambana na ugonjwa wa haidatidi, ule uvimbe unaosababishwa na minyoo ya mbwa, ambao Turkana ilikuwa imeathiriwa nao kuliko karibu sehemu yoyote duniani. Nataja mambo haya kwa sababu ya mizigo yake. Kanisa hubeba mahindi na mabati, zahanati hubeba wagonjwa na majokofu ya chanjo, mpango wa maji hubeba mabomba. Gari lilikuwa moja, na kwa wiki moja lilitakiwa kuwa yote hayo.

Tuitazame mizigo yenyewe, maana hapo ndipo hoja inasimama au inaanguka. Pipa la dizeli la lita 200, likijaa, lina uzito wa takriban kilo 185 pamoja na chuma chake. Kulishusha bila winchi, watu hutupa tairi kuukuu mchangani, wakalisukuma pipa kutoka sakafu ya pikapu lianguke juu ya tairi. Mlango ukiwa umening'inia kwa minyororo, pipa hupita juu yake kabla ya kuanguka, na uzito wote hufika kwenye ukingo wa nje, mbali na bawaba. Minyororo ikiwa imelala kwa nyuzi 45, kila mmoja hubeba mvutano wa kilo 130 hivi hata kabla ya mshtuko wowote, na mvutano huo huo huusukuma mlango kwa ndani, kwenye bawaba. Mapipa kumi kwa siku, na bawaba imepinda. Sasa chukua mabomba ya pampu ya mkono ya Afridev, pampu iliyobuniwa kwa majaribio ya Kenya miaka ya 1980: fito na mabomba yake ni ya mita 3, na sakafu ya pikapu ya kawaida ni ya mita 2 na kitu. Mlango ukiwa umefungwa, mabomba hupanda juu yake kama mkuki na kuinua ncha angani. Ukiwa umeteremshwa, hulala sawa lakini minyororo inagonga na taa hazionekani. Machela ya mgonjwa nayo haipendi mlango ulioning'inia, kwa sababu wabebaji wawili hulazimika kunyoosha mikono juu ya nusu mita ya bati lililopata moto wa jua, badala ya kusimama karibu na sakafu.

Halafu njoo kwa mbuzi. Mbuzi anataka mlango, tena uliofungwa barabara. Mfugaji anayepeleka mbuzi soko la Lodwar au machinjio ya Lomidat hapo Lokichoggio hawezi kwenda na pikapu iliyo wazi nyuma. Kwa hiyo mahitaji ya Turkana hayakuwa gari lisilo na mlango. Yalikuwa gari ambalo mlango wake unaweza kuondoka asubuhi na kurudi jioni. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayozaa kazi ya usanifu: kuondoa mlango ni kazi ya nyundo, lakini kutengeneza mlango unaoondoka na kurudi mara mia bila kulegea ni kazi ya akili.

Mambo yalibadilika kwa kasi katika miaka ya 1980. Norway iligharamia barabara ya lami iliyoiunganisha Lodwar na Kitale, msaada uliokatika pale Kenya ilipovunja uhusiano wa kibalozi na nchi hiyo mwaka 1990. Mwaka 1984 Toyota ilitoa Land Cruiser ya toleo la 70, na mwaka 1990 ikaitia injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2, ambayo sifa zake hazihitaji kuelezwa kwa msomaji wa kaskazini. Mwaka 1987 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua hospitali ya Lopiding kando ya Lokichoggio kuwatibu majeruhi wa vita vya Sudan. Aprili 1989 Umoja wa Mataifa ulianzisha operesheni ya misaada ya Operation Lifeline Sudan, na mji ambao ulikuwa kituo kidogo cha mpakani, kilomita 30 hivi kutoka Sudan, ukawa na uwanja wa ndege wenye shughuli nyingi kupita miji mingi mikubwa ya Kenya. Mwaka 1992 ilifunguliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ikipokea miongoni mwa wengine wale vijana wa Sudan waliotimuliwa Ethiopia baada ya kuanguka kwa serikali ya Mengistu huko mwaka 1991. Makumi ya mashirika yakaja, na karibu kila moja likaja na Toyota zake.

Katika pikapu nyingi za Hilux na Land Cruiser zilizozoeleka Kenya, bawaba za mlango wa nyuma hukazwa kwa bolti, upande mmoja kwenye mlango na mwingine kwenye bodi. Sababu za kiwanda hazina fumbo. Mlango ni wa bati la chuma, mzito kuliko ule wa aluminiamu, na kiwanda hakipendi kumkabidhi mteja kitu kizito kinachoweza kumwangukia mguuni. Bolti hushika imara, na mlango ulioshikwa imara haupigi kelele, jambo linalothaminiwa na mnunuzi aliye kwenye barabara nzuri. Zaidi ya hayo, gari la shirika ni mali iliyosajiliwa: kila kipande kina namba, dereva haruhusiwi kubadilisha chochote, na mlango uliobaki ghalani wakati gari liko Lokichoggio ni kipande kilichopotea kwenye daftari. Kwa shirika lenye magari 30, malori ya kubeba mapipa na ambulensi ya kubeba wagonjwa, bolti hazikuwa tatizo. Kila mzigo ulikuwa na gari lake.

Hapo ndipo penye kiini cha historia hii. Mlango wa bolti unadhani mwenye gari ana gari lingine. Dhana hiyo ilikuwa kweli katika kambi za mashirika ya Loki kwa miaka kumi na tano hivi, na haikuwa kweli kwa mtu mwingine yeyote katika Turkana nzima. Mkataba wa amani wa Sudan ulipotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, mashirika yakaanza kuhamia Juba. Mwaka 2006 Msalaba Mwekundu ukafunga shughuli zake Lopiding. Zikabaki gereji, wakabaki watu waliofundishwa kutengeneza injini za Toyota na kuchomelea vyuma, na pikapu za mnada mikononi mwa wafanyabiashara wenye gari moja tu. Gari lile lile, bolti zile zile, lakini mwenyewe sasa anabeba simiti Jumatatu, mabomba Jumatano na mbuzi Ijumaa.

Kufungua bolti sita au nane kila mara kwenye jua la Kakuma si mchezo. Mchanga wa laga, yaani wa mto mkavu, hujaza nyuzi za bolti, kutu hufanya iliyobaki, na bolti inayofunguliwa mara kwa mara huishia kuzunguka bure au kukatika kichwa. Anayechoka huuacha mlango nyumbani moja kwa moja, kisha siku ya mbuzi anafunga kamba na mbao. Fundi anapoletewa gari la namna hiyo, ombi huwa fupi: nataka mlango utoke bila spana.

Sifa ya fundi ni kwamba tayari anajua nusu ya jibu. Kila siku anachomelea milango ya nyumba, na milango hiyo ya chuma huwekwa kwenye bawaba za vipande viwili: kijiti kinachotazama juu, na kikombe kinachokaa juu yake. Inua mlango, umetoka; ushushe, umekaa. Uzito wa mlango wenyewe ndio kufuli. Lakini mlango wa pikapu huzunguka kwenye mhimili uliolala, si uliosimama, na uzito haumsaidii tena mtu. Kijiti kilicholala hutembea pembeni kila gari linapopanda tuta, hadi siku moja mlango uko barabarani na gari limeshafika Kalobeyei, kando ya Kakuma. Kuutoa ujuzi kwenye mlango wa nyumba na kuuleta kwenye gari kulihitaji mtu agundue kwamba kazi iliyofanywa na uzito lazima sasa ifanywe na kitu kingine, na kitu hicho ni kizuizi mwishoni mwa kijiti. Yaani jibu lile lile la Land Rover, likifikiwa kutoka upande mwingine.

Namna ya kuitengeneza inaeleza mengi. Fundi hukata vipande viwili vya paipu ya maji ya nusu inchi, akavichomelea kwenye ukingo wa sakafu ya pikapu, na vijiti viwili vya chuma cha mviringo akavichomelea kwenye mlango, vyote vikitazama upande mmoja. Paipu ya nusu inchi ina nafasi ya ndani ya takriban milimita 16. Chuma cha milimita 16 hukataa kuingia au hubana. Cha milimita 12 huingia lakini hucheza, na kinachocheza hugonga, na kinachogonga hulitanua tundu likawa umbo la yai. Kwa hiyo huchukuliwa cha 16 na kupigwa tupa hadi kiingie kwa ulaini, kikiachiwa nafasi kidogo ya mchanga, maana bawaba iliyobana sana hukwama kwa vumbi la siku moja. Kabla ya kuchomelea paipu, hupitishwa chuma kimoja kirefu ndani ya zote mbili ili mhimili uwe mmoja; asiyefanya hivyo ataona mlango ukigoma kugeuka, kwa sababu joto la kuchomelea huvuta kipande kimoja kuelekea kwake. Paipu ikiwa imepakwa zinki, lazima ikwanguliwe kwanza, vinginevyo ule moshi mweupe humletea fundi homa usiku. Mwisho hutobolewa tundu kwenye ncha ya kijiti kimoja, ikatiwa pini, au msumari uliopindwa na fundi asiye na haraka ya sifa.

Viwanda vya Marekani vilifika kwenye jibu la hali ya juu zaidi, na ni haki kulitaja. Katika pikapu nyingi za huko, upande mmoja wa mlango una kikombe chenye mpasuko, na kijiti chake kimesawazishwa pande mbili kuwa bapa. Mlango ukifungwa, au ukiwa umelala kabisa, ubapa haulingani na mpasuko na kijiti hakitoki. Ukiuinua mlango hadi katikati, kwenye pembe moja tu, ubapa na mpasuko hulingana, upande huo unainuka, na upande wa pili unatelezeshwa nje. Hakuna pini ya kupotea. Ni kazi nzuri sana, na fundi mwenye grenda na subira anaweza kuiiga. Lakini Turkana ina neno lake hapa: mpasuko ulio wazi juu ni mlango wa mchanga, na ubapa ukishaliwa na mtikisiko wa barabara ya mawe, pembe ile moja ya kutokea huwa pembe nyingi. Kwa barabara ya lami ningelichagua la Marekani. Kwa njia ya kutoka Kakuma kwenda Lokichoggio kama ilivyokuwa kwa miaka mingi, naona paipu na pini vilikuwa chaguo sahihi, na usahihi wake haukutokana na umaskini.

Nasema hivyo nikijua pingamizi. La kwanza ni la watu wanaopenda Turkana kwa namna inayonitia wasiwasi: kwamba wafugaji wanaohamahama, wenye nyumba za kubomoa na kupakia juu ya punda, kwa asili yao hupenda vitu vinavyochomoka, na bawaba hii ni utamaduni wao ukiingia kwenye chuma. Ni wazo tamu, lakini halisimami. Mafundi wa Kakuma ni Waturkana, Wasudan Kusini, Wakongo, Waethiopia, Wasomali, na Wakenya kutoka Kitale na Nairobi. Wengi wa vijana wao walijifunza kuchomelea kwenye vyuo vya Don Bosco, ambavyo Wasalesiani wameviendesha kambini tangu miaka ya 1990. Kilichowafanya wafikie jibu moja ni mzigo, barabara na idadi ya magari. Ukimpa mkulima wa Njombe, Tanzania, pikapu moja na mizigo mitatu, atataka jambo hilo hilo.

Pingamizi la pili ni kwamba huu si usanifu, ni kiraka. Kenya ilifikiri hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira nchini ilisema wazi kwamba sekta isiyo rasmi ilikuwa na ubunifu na tija, na kwamba serikali ilikuwa ikiibana badala ya kuisaidia. Ilichukua miaka 20 hadi Waraka wa Bunge Namba 2 wa 1992 uzungumzie biashara ndogo na jua kali kama sera ya taifa. Hata sasa mchoro ndio unaohesabiwa kuwa usanifu, na kitu kilichofanyiwa majaribio barabarani huitwa kiraka. Kwangu kipimo ni kingine: je, mtengenezaji alijua anachobadilishana na nini? Anayechagua nafasi kati ya kijiti na paipu, akijua kwamba kubana kunakwamisha na kulegea kunatanua, amefanya uamuzi ule ule anaoufanya mhandisi wa Toyota City kule Japani. Tofauti ni kwamba mhandisi ameuandika.

La tatu ni la wizi, na lina nguvu. Mlango unaotoka bila spana kwa mwenyewe hutoka bila spana kwa mwizi pia. Marekani imeonja hilo: shirika la bima linalofuatilia uhalifu, NICB, limewahi kutoa taarifa kuhusu wizi wa milango ya nyuma ya pikapu, na soko la kufuli za milango hiyo limekua kwa sababu hiyo. Hata hivyo jibu ni rahisi kuliko tatizo. Tundu lile la pini linaweza kupokea kufuli ndogo badala ya pini. Usalama wa mlango wa bolti nao husifiwa kupita kiasi; spana namba 12 inauzwa kila duka la vyuma la Lodwar.

Lililo zito zaidi ni la usalama wa watu. Pikapu za kaskazini hubeba abiria nyuma, sheria iseme isemavyo, na mlango unaoweza kuchomoka ni mlango unaoweza kuchomoka wakati mtu ameuegemea. Historia ya matatu inatupa somo hapa. Kenyatta aliporuhusu matatu mwaka 1973 zifanye kazi bila leseni za uchukuzi zilizodaiwa mabasi, pikapu zilifunikwa bodi za bati na mlango wa nyuma ukaondolewa kabisa, pakawa mahali pa kuingilia na pa utingo kuning'inia. Ilikuwa njia ya haraka, na watu wengi walianguka kabla ya kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, kumaliza ile sura ya zamani ya biashara hiyo. Lakini angalia kilichotendeka: huko mlango uliondolewa ili usirudi. Mlango unaochomoka ni kinyume chake. Humpa mwenye gari sababu ya kuurudisha, kwa kuwa kuurudisha ni kazi ya dakika moja. Ukiniuliza ni kipi hatari kwa abiria wa Kakuma, mlango wa pini yenye kizuizi imara, au mlango wa bolti uliobaki nyumbani, nitajibu bila kusita kwamba ni huo wa pili. Sikatai kwamba pini mbaya huua. Nadai kwamba tiba yake ni pini nzuri, na nzuri maana yake ni kizuizi kwenye vijiti vyote viwili pamoja na minyororo inayobeba uzito wake yenyewe.

Limebaki pingamizi la lami. Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2015 mradi wa kuijenga upya njia ya Lokichar, Lodwar hadi Nadapal mpakani, na safari iliyokuwa ya siku nzima imekuwa ya saa chache. Je, bawaba ya jua kali si jambo la jana? Kwa mtikisiko, ndiyo, umepungua. Kwa mizigo, sivyo. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, mwaka 2018 ulikadiria uchumi wa Kakuma kuwa wa dola milioni 56 hivi kwa mwaka, wenye maduka zaidi ya 2,000. Bidhaa za maduka hayo hufika kwa malori, kisha husambazwa kwa pikapu, bodaboda na mikokoteni hadi Kalobeyei na vijiji vya kandokando. Lami imeongeza mizigo, haijaibagua kwa ukubwa.

Ninachokiona kama hatari halisi ni kwamba historia hii inakwenda kwenye vyuma chakavu. Pikapu ya zamani ikifa, bodi yake huuzwa kwa kilo, na bawaba iliyofanyiwa marekebisho miaka mitano hupotea pamoja na paipu na tupa zilizoitengeneza. Hakuna jumba la makumbusho litakaloomba mlango wa Hilux. Walimu wa ufundi wa Lodwar, wa Don Bosco Kakuma na wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana wana wanafunzi wanaohitaji kazi ya vitendo: wawape rula, kalipa na karatasi, wawatume gereji za Kakuma na Lokichoggio wakapime unene wa kijiti, nafasi ya paipu, mwelekeo wa vijiti na mahali bawaba ilipoliwa, na waandike jina la fundi akikubali. Kisha michoro hiyo ipelekwe kwa wanaounganisha pikapu Mombasa na Thika, pamoja na swali moja: kwa nini bodi inayouzwa kaskazini bado inakuja na bolti?